Santuri na kanda za VHS kuingia kwenye kompyuta: vifaa gani, na nianze na kipi?

Kabati_la_Babu

Wakuu, salaam. Nina mzigo wa familia nataka kuuingiza kwenye kompyuta, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Vilivyopo:

- Santuri kama 70. Nyingi ni ndogo za inchi 7, mwendo wa 45 (mizunguko kwa dakika), dansi la Nairobi na Kinshasa la miaka ya 1970. Baadhi zina tundu kubwa katikati. LP, zile santuri kubwa, ni chache. Halafu kuna sahani tisa nzito za inchi 10, taarab, mwendo wa 78.
- Kanda za VHS 30, karibu zote zimeandikwa E-180: harusi, maulidi, mahafali, kuanzia 1988 hadi 2003.
- Kanda sita za MiniDV, zile ndogo za kamera ya dijitali.

Kila kitu kimekaa kwenye kabati la mbao hapa Tanga, na hewa ya huku mnaijua. Kanda kadhaa ukizichungulia kwenye kidirisha utadhani zimenyunyiziwa unga mweupe. Nina laptopu ya Windows 10, RAM GB 8. Deki ya VHS ipo na inawaka, ila sijaweka kanda yoyote.

Mtandaoni kuna kifaa cha USB cha kunasa video kwa bei ya kutupa, na pleya ya santuri ya mfano wa sanduku yenye waya wa USB. Hivyo viwili vinatosha? Na nianze na santuri au kanda?

---

fundi_deki

Anza na kanda. Santuri ukiisimamisha wima mahali pasipofika jua itakusubiri. Kanda ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi, na gundi hiyo inachoka hata kama hakuna anayeigusa. Tena deki hazitengenezwi tena: Funai ya Japani, iliyobaki peke yake, iliacha Julai 2016. Tangu hapo watu tunakula akiba.

Huo unga mweupe ni kuvu. Kanda hizo usiziingize kwenye deki hata kwa kuonja. Vichwa vya deki viko kwenye ngoma inayozunguka mara 1,500 kwa dakika (kwa PAL, mfumo wa zamani wa televisheni wa huku), na kanda inaizunguka ngoma hiyo kwa kuikumbatia. Kuvu ikifika pale inapakaa njia nzima, na kila kanda safi utakayoweka baadaye inabeba mbegu zake. Isitoshe, kuvu hugandisha mizunguko ya kanda. Deki ikivuta kwa nguvu, kanda inachanika.

Zitenge kwenye boksi lake. Kwanza zikaushe: kasha la plastiki linaloziba vizuri, pakiti za silika jeli za kutosha, wiki mbili bila kufungua. Kuvu kavu inafutika, kuvu mbichi inapakaa. Kisha fanyia kazi nje ya nyumba, barakoa ya N95 na glavu, maana vumbi lake si la kuvuta.

Kaseti ya VHS ina skrubu tano chini yake. Zitoe, igeuze iangalie juu, ndipo uinue kifuniko polepole. Piga picha kabla ya kugusa kitu: kuna breki mbili ndogo za plastiki na springi yake, hizo ndizo zinazoruka na kupotelea chini ya kabati. Futa kingo za kanda iliyojikunja kwa kitambaa cha maikrofaiba kilicholowa kidogo isopropili ya asilimia 99. Kidogo maana yake kisitone. Halafu zungusha magurudumu kwa mkono, kanda ikipita katikati ya kitambaa kilichokunjwa, kutoka mwanzo hadi mwisho, ukibadilisha sehemu ya kitambaa kila inapochafuka. E-180 ina karibu mita 258, kwa hiyo tafuta kiti kizuri. Magurudumu uyahamishie kwenye ganda la kaseti nyingine safi, lile la zamani litupe. Spiriti ya jiko yenye rangi usiitumie hapa.

Sasa deki. Chomoa umeme, fungua mfuniko wa juu. Ngoma ni ile silinda inayong'aa iliyolala mshazari. Chukua karatasi nyeupe safi ya kuprinti, kata kipande cha vidole viwili, kilowanishe isopropili, kishikilie kikiwa kimelala kwenye ngoma bila kukisogeza, kisha zungusha ngoma kwa mkono mwingine ukiishika juu. Kamwe usisugue juu-chini! Vichwa ni vipande vidogo mno vya feraiti vilivyochomoza kidogo; ukisugua wima vinavunjika, na deki imekufa. Pamba za masikio ndiyo adui mwenyewe, nyuzi zake zinanasa kwenye vichwa. Gurudumu la mpira linalovuta kanda lisafishe kwa maji na sabuni kidogo, kausha. Likiwa limekauka na kung'aa kama kioo, linateleza, na ndilo linalotafuna kanda.

Jaribu kwanza kwa kanda isiyo na thamani, dakika kumi, kisha itoe uitazame. Ikiwa ukingo wa chini umekunjamana, simama hapo hapo. Ukingo huo ndiko ilikoandikwa njia ya mapigo inayoiambia deki ifuate wapi. Ukiharibika, picha itayumba daima. Sauti ya kawaida imeandikwa ukingo wa juu. Kanda ikishafaulu, ipeleke mbele mpaka mwisho na kuirudisha mara moja kabla ya kunasa, ili mvutano wake uwe sawa sawa. Lakini hiyo ni kwa kanda nzima tu, si ile inayonata au kupiga kelele.

---

Pikseli576

Fundi kamaliza upande wa mitambo. Mimi niongelee kunasa.

Kile kifaa cha bei ya kutupa achana nacho. Jina la nje ni moja lakini chipu ya ndani inabadilika kila shehena, na matatizo yanajulikana: weupe unaungua (shela la bibi harusi linakuwa doa), fremu zinadondoka, sauti inaachana na midomo kadiri kanda inavyoendelea. Kwa PAL tafuta Hauppauge USB-Live2, hata iliyotumika.

Hata hivyo, tatizo kubwa haliko kwenye kile kifaa. Kila mstari wa picha ya PAL unatakiwa uchukue mikrosekunde 64. Kanda iliyovutika na ngoma iliyochakaa hutoa mistari yenye urefu tofauti tofauti. Televisheni ya zamani ya kioo ilivumilia, kompyuta haivumilii. Ndiyo maana nguzo zilizonyooka zinaonekana kama zinacheza, na juu ya picha panapinda. Dawa ni kifaa cha kusahihisha muda wa mistari. Baadhi ya deki za S-VHS (VHS ya daraja la juu) zinacho ndani, kama Panasonic NV-HS1000, lakini bei yake sasa ni ya mahari. Njia ya wanyonge ni rekoda ya DVD ya Panasonic DMR-ES10 au ES15: unapitisha ishara ndani yake tu, inaingia nyuma na kutoka nyuma, bila kurekodi chochote. Hata kama sehemu yake ya DVD imekufa, inafanya kazi hiyo. Ukiikuta kwenye mitumba ya vifaa vya Ulaya, ichukue.

Mpangilio: deki kwenda ES10 kwa waya wa RCA wa njano, au skati (SCART, ile plagi pana) kama deki ni ya Ulaya. Adapta ya skati ina swichi ndogo ya kuingiza na kutoa. Ikikaa upande usio wake utapata giza na utalaumu deki bure. ES10 kwenda USB-Live2 kwa S-Video, si njano, ili mwanga na rangi visichanganywe tena. Sauti nyekundu na nyeupe itoe moja kwa moja kwenye deki au ipitishe pamoja na picha, zote sawa.

Programu ni VirtualDub, haina malipo. Weka hivi: mfumo PAL B, ukubwa 720 kwa 576, fremu 25, rangi YUY2, mkandamizo HuffYUV (unabana bila kupoteza kitu), sauti PCM 48 kHz biti 16. Kabla ya kubonyeza kurekodi washa grafu ya mwanga, tafuta sehemu angavu zaidi ya kanda (kanzu nyeupe juani ni kipimo kizuri), punguza mwanga na kontrasti ya kifaa mpaka grafu isigonge ukuta wa kulia. Weupe ulioungua wakati wa kunasa haurudishwi na programu yoyote, ila picha iliyofifia kidogo inarekebishika baadaye kwa dakika moja.

Nafasi: saa moja itakula GB 35 hadi 40. Kanda 30 za saa tatu, zikiwa zimejaa zote, ni TB 3 na kitu. Nunua diski ya nje ya TB 4 na uiweke NTFS, kwa sababu FAT32 inakataa faili inayozidi GB 4 na kunasa kutakatika ukiwa umeenda kunywa chai. Diski na kifaa cha kunasa visiwe kwenye habu moja ya USB. Zima Wi-Fi na kinga ya virusi. Umeme wa huku ukizingatia, deki na ES10 ziwe kwenye UPS.

Tazama idadi ya fremu zilizodondoka. Sifuri ndiyo shabaha, mbili tatu kwa kanda nzima si msiba. Zikipanda kila dakika, usikimbilie kununua laptopu mpya; karibu kila mara ishara inayoingia ndiyo inayoyumba.

MiniDV ni kazi nyepesi, maana tayari ni dijitali. Hapo hunasi, unanakili: kamera yenyewe, waya wa FireWire, kompyuta yenye tundu la FireWire. Saa moja ni GB 13. Zile nyaya zenye FireWire upande mmoja na USB upande wa pili hazifanyi kazi, na hakuna adapta itakayozifanya zifanye. Lugha mbili tofauti kabisa. Kompyuta ya mezani ya zamani na kadi ya FireWire itakutoshea. Usitumie waya wa njano wa kamera, utakuwa unageuza dijitali kuwa analojia na kuirudisha tena.

---

mchana_kazi

Mnamtisha jamaa. Programu ya OBS inanasa moja kwa moja kuwa MP4, kanda nzima GB 6, unaiweka kwenye flashi, familia inatazama. TB 3 za harusi nani atazitunza?

---

Pikseli576

@mchana_kazi hoja ya nafasi naikubali, ya OBS hapana. Video ya VHS si picha 25 kwa sekunde. Ni nusu-picha 50, moja ina mistari ya shufwa, nyingine ya witiri, kila moja imepigwa kwa wakati wake. OBS kwa mipangilio yake ya kawaida inaziunganisha papo hapo. Ama unabaki na meno ya kitana kwenye kila kitu kinachosogea, ama nusu ya mwendo inatupwa. Harusi ni watu wanaocheza. Ngoma ikikolea ndipo utakapoona mikono inaruka-ruka.

Njia ya kati ipo. Nasa kwa HuffYUV kanda moja, kisha ipitishe kwenye QTGMC, kichujio kinachogeuza kila nusu-picha kuwa picha kamili (programu ya Hybrid inakurahisishia, huhitaji kuandika msimbo). Iambie programu kuwa mstari wa juu ndio wa kwanza. Kwa faili za DV ni kinyume, wa chini ndio wa kwanza, na ukikosea mwendo unatetemeka mbele-nyuma. Toa fremu 50 kamili kwa sekunde, H.264, CRF 18, onyesho la 4:3. Matokeo ni GB chache kwa saa na simu yoyote inacheza. Ukishatazama mwanzo, kati na mwisho, faili kubwa unaweza kuifuta kwa kanda za kawaida na kuibakiza kwa zile ambazo waliomo hawapo tena. Hapo mwenye kanda ndiye anayejua.

Jambo moja: chini kabisa ya picha utaona mistari michache iliyovurugika. Si ugonjwa, ni mahali vichwa vinapopokezana, televisheni za zamani ziliificha nyuma ya fremu. Kwenye faili kuu iache. Kwenye nakala ya kutazama ifunike kwa ukanda mweusi, usikate na kuvuta picha.

---

Sindano_Almasi

Naona santuri zimesahaulika, na pleya ya sanduku ndiyo inayonikereketa. Nyingi ya hizo zina sindano nzito isiyorekebishika, mkono wa plastiki usio na uzani wa nyuma, na kasi inayoyumba. Santuri ya 45 ya Nairobi ambayo pengine haipo popote mtandaoni usiichezeshee hapo.

Unachohitaji ni pleya yenye mkono unaopimika, katriji (kile kichwa kinachobeba sindano) ya sumaku na sindano mpya ya almasi. Kwa kuwa una sahani za 78, Audio-Technica AT-LP120XUSB inakukatia mzizi: ina 33, 45 na 78, kiongeza sauti cha ndani na USB. Kama unayo pleya nzuri ya zamani, badilisha mkanda wa mpira na sindano, basi. Sindano kuukuu huikwangua santuri hata kama masikio yako hayajaona tofauti.

Uzito wa sindano upime kwa mizani ndogo ya kidijitali ya kupimia dhahabu, inayosoma gramu 0.01. Katriji ya AT-VM95E inataka gramu 2.0, iruhusiwe 1.8 hadi 2.2. Watu hudhani nyepesi ni salama: si kweli. Sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kupiga kuta zake, na huo mkwaruzo wa "s" na "sh" unaousikia ndio mfereji unavyochongwa.

Katriji hutoa milivolti 3 hadi 5 tu, na besi imepunguzwa makusudi wakati wa kukata santuri. Kiongeza sauti cha fono hupandisha na kurudisha besi kwa mkunjo wa RIAA uliokubaliwa mwaka 1954. Ukichomeka pleya isiyo na kiongeza hicho moja kwa moja, sauti itakuwa nyembamba kama ya simu. Ukipitisha kwenye viongeza viwili, cha pleya na cha nje, itakuwa matope. Kimoja tu. Tundu la maikrofoni la laptopu usilitumie, mara nyingi ni la upande mmoja na lina umeme wake. Ukitaka kifaa cha nje cha bei nafuu, Behringer UFO202 ina fono ndani, ila ni biti 16. Ukiweka 24 kwenye programu huongezi kitu.

Mvumo mzito usiokoma ni hetzi 50 za umeme wa ukutani: unganisha ule waya mwembamba wa ethi wa pleya kwenye skrubu ya kiongeza sauti. Ukibaki, chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri. Mara nyingi chaja ndiye mchawi.

Kusafisha kwanza, daima. Maji ya bomba ya Pwani yana chumvi zinazobaki kwenye mfereji. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, lakini SOMA LEBO: chupa nyingine kwenye rafu hiyo hiyo ni asidi. Kwa vinyili: lita 1 ya maji hayo, mililita 200 za isopropili, matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato. Burashi laini ifuate mviringo, usikate mfereji, lebo ikae kavu. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa matupu, simamisha wima ikauke. Sindano yenyewe isafishe kwa burashi ndogo kavu, kutoka nyuma kuja mbele tu.

Zile zenye tundu kubwa zinahitaji adapta ya milimita 38. Ikilegea, santuri inakaa pembeni kidogo na gitaa linaimba kama limelewa. Zungushia adapta selotepu mzunguko mmoja au miwili mpaka ikae sawa.

Kurekodi: Audacity, biti 24, kHz 96 ikiwa kifaa kinakubali, la sivyo 48. Tofauti ya kusikia sidai, ila kwa 96 milio ya "tik" inakuwa mikali na myembamba, programu inaitambua kwa urahisi bila kuigusa tarumbeta. Saa moja ya stereo ni GB 2 kwa 96 na GB 1 kwa 48 kabla ya kubana kuwa FLAC. Tafuta sehemu yenye kelele zaidi ya wimbo na uweke kilele karibu dB −6. "Tik" moja ikigonga juu si kitu. Rekodi upande mzima pamoja na sekunde chache za mfereji mtupu kabla ya wimbo.

Nakala hiyo ghafi usiiguse, ihifadhi. Fanya usafi kwenye nakala ya pili. Kiondoa "tik" cha Audacity huanza na kizingiti 200 na upana 20, na hapo ndipo pa kuanzia. Sikiliza hasa ngoma na matari, kwa sababu programu huweza kulidhania pigo kali kuwa uchafu na kulimeza. Kupunguza muungurumo usizidi dB 6. Watu huenda dB 20 halafu wanajiuliza kwa nini mwimbaji yuko ndani ya mtungi.

Ikiwa santuri ni ya mono, na 45 nyingi za zamani ni hivyo, bado rekodi kwa stereo. Ondoa "tik" kwanza, kisha changanya pande mbili kuwa moja. Mwimbo uko sawa pande zote, uchafu hauko sawa, kwa hiyo kuchanganya kunashusha kelele karibu dB 3 bila dawa yoyote.

Nyimbo zilizokatwa sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B, mtindo wa dansi la enzi hizo, ziache faili mbili kwenye kumbukumbu. Kuziunganisha fanya kwenye nakala ya kusikiliza. Na kwa kila upande andika nambari ya lebo pamoja na ile iliyochongwa kwenye plastiki karibu na lebo, piga na picha. Lebo ilichapwa vibaya mara nyingi, jina la bendi likakosewa. Nambari iliyochongwa ndiyo inayosema ulichoshika ni nini hasa.

---

Kabati_la_Babu

Asanteni sana wakuu, nimenakili yote. Kanda tano safi nimezijaribu kwenye deki baada ya kuisafisha, tatu ziko vizuri. Mbili zina shida. Moja imeandikwa T-120, ililetwa kutoka Marekani: picha inajiviringisha na haina rangi kwenye kompyuta, ila kwenye televisheni inaonekana kawaida. Nyingine imetoka Lubumbashi, ilirekodiwa kutoka kwenye televisheni ya Zaire mwaka 1990: imetulia kabisa lakini nyeusi na nyeupe. Zimeharibika?

Na @Sindano_Almasi, zile za 78 ni hivyo hivyo?

---

fundi_deki

Hazijaharibika, ni mifumo mitatu tofauti ya televisheni: PAL, NTSC na SECAM.

Ya Marekani ni NTSC. Deki nyingi za PAL zinaicheza kwa ujanja: zinatoa mistari 525 na nusu-picha 60 za NTSC lakini zinavisha rangi ya PAL. Hiyo ndiyo PAL 60. Televisheni nyingi zinaielewa, vifaa vya kunasa vingi haviielewi, ndiyo maana unaona kinachoonekana. Tafuta kwenye menyu ya deki kama inaweza kutoa NTSC 3.58 halisi. Kama ipo, weka VirtualDub kwenye NTSC M, 720 kwa 480, fremu 29.97. Kama haipo, jaribu PAL 60 kwenye orodha ya mifumo ya kifaa. Ikishindikana, tafuta deki ya mifumo mingi. Uarabuni ziliuzwa kwa wingi, kwa hiyo waulizeni jamaa wa Muscat na Dubai.

Angalizo: T-120 na E-180 ni urefu wa kanda tupu, si ushahidi wa mfumo. T-120 ikirekodiwa kwenye deki ya PAL inachukua karibu saa tatu kasoro, kwa kuwa PAL inavuta kanda milimita 23.39 kwa sekunde na NTSC 33.35. Hukumu kwa picha, si kwa karatasi.

Ya Lubumbashi ni SECAM, ndiyo Zaire ilikuwa ikitumia. Mistari ni 625 na nusu-picha ni 50 kama PAL, kwa hiyo picha inatulia. Rangi tu ndiyo imeandikwa kwa namna nyingine. Kwanza badilisha swichi ya mfumo kwenye deki kama ina MESECAM au SECAM, kisha kifaa cha kunasa kiwe SECAM. ES10 iondoe kwa jaribio la kwanza ili ujue nani anaikataa rangi. Ukikosa deki yake kabisa, inase kwa nyeusi na nyeupe sasa, kanda itunze.

---

Sindano_Almasi

@Kabati_la_Babu za 78 si hivyo hivyo hata kidogo. Hizo si vinyili, ni sheleki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na vumbi la mawe. Isopropili inaiyeyusha. Kwa hiyo ule mchanganyiko wangu wa juu ni marufuku hapa: maji yaliyotoneshwa na tone la sabuni tu, haraka, suuza, kausha papo hapo. Zibebe kwa mikono miwili na zisimamishe, zikilazwa rundo za chini zinapasuka.

Mfereji wake ni mpana. Sindano ya LP ina ncha ya maikroni 18 hivi, inalala chini kwenye takataka bila kugusa kuta. Unahitaji ya maikroni 75. Ukiwa na mwili wa katriji ya VM95, sindano ya VM95SP inachomekwa hapo hapo, hununui katriji nyingine. Rekebisha uzito kufuata karatasi yake, ni mzito kuliko gramu 2, na urudishe ukirudi kwenye 45, hapa ndipo watu husahau.

RIAA pia si yake. Sahani za mwishoni mwa miaka ya 1940 na za 1950, kama za lebo ya Mzuri ya Mombasa au ya Jambo, zilikatwa kabla mkunjo huo haujaenea. Kwenye kisawazisha cha Audacity kuna mikunjo ya 78 iliyo tayari. Ukiwa umerekodi kupitia fono ya kawaida, kwanza geuza RIAA kinyume, kisha weka mkunjo wa 78, uchague kwa sikio ule ambao zumari na fidla havipigi kelele. Kama unalazimika kucheza kwa 45 kwa sababu sahani imepinda na sindano inaruka, utaratibu ni huu: ondoa RIAA kwanza ikiwa faili bado iko kwenye kasi ya 45, badilisha kasi kutoka 45 kwenda 78, ndipo uweke mkunjo wa 78. Ukibadilisha kasi mapema, masafa yote yamehama na RIAA ya kinyume inakosa shabaha.

78 yenyewe haikuwa 78 kila studio. Ikiwa mwimbaji anasikika mtoto au mzee kuliko inavyostahili, sogeza kasi kidogo mpaka ala zikae kwenye noti inayoeleweka, na uandike kwenye jina la faili umesogeza asilimia ngapi.